Kikombe cha Kwanza Hakina Chai

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa mlangoni kwa sababu ya asumini. Nilikuwa msichana wa Mjambere, Kisauni, nimepata kibarua Changamwe, na mama kwa furaha yake alinipaka mafuta ya nazi yaliyolazwa na maua ya asumini, utosini hadi visiginoni. Kufika kizingitini mwa chumba cha kuonja chai, mtu mmoja aliyekuwa upande wa pili kabisa wa chumba aliinua pua kabla hajainua macho. Ndiye Mkuu wa Waonjaji.

"Nani ameniletea maua?" akauliza.

"Ni mimi, bwana. Naitwa Kadzo. Nimekuja kuosha vikombe."

"Toka nje. Uoge mpaka usinuke kitu. Halafu urudi."

Nikaoga kwenye bafu la makuli wa ghala, nikarudi nywele zikichuruzika maji. Niliona haya hata machozi yakanilenga. Lakini nitawaambia kweli, nyinyi vijana mnaosoma haya: nilipokuwa najifuta, haya ilikuwa imeshaanza kugeuka udadisi. Mtu anayenusa asumini toka mbali vile, na chumba kizima kimejaa harufu ya chai, mtu huyo anajua kitu. Nami nilitaka kukijua.

Watu wengi hunywa chai maisha yao yote wasijue kwamba kabla haijafika dukani kuna mtu aliyeshaitema. Chai ya nchi hii hulimwa bara kwenye baridi, kisha huteremshwa Mombasa kuuzwa na kupakiwa melini. Huja katika magunia ya karatasi nzito, ikapangwa ghalani kwa mafungu, kila fungu na kiwanda chake. Kila fungu hutolewa konzi moja, hiyo ndiyo sampuli, ikaletwa chumbani kwetu. Majani hupimwa kwa mizani ndogo, hutiwa katika buli dogo jeupe lenye meno mdomoni, humiminiwa maji yanayotokota. Kengele ikilia baada ya dakika sita, buli hulazwa juu ya bakuli, chai ikachuruzika na makapi yakabaki. Ndipo mwonjaji anapopita na kijiko chake, bakuli baada ya bakuli, anachota, anavuta kwa kishindo, anazungusha kinywani, kisha anatema katika ndoo ndefu yenye magurudumu anayoisukuma kwa goti.

Kishindo kile si utovu wa adabu, ingawa mama alipokisikia mara ya kwanza alisema hata mbuzi wetu hunywa kwa heshima. Nusu ya ladha iko puani. Ukivuta chai pamoja na hewa, inatawanyika ulimini na harufu yake inapanda kwa nyuma mpaka puani. Hujaamini? Jibane pua unywe chai ya tangawizi. Utapata maji ya moto na uchungu kidogo, basi.

Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye karo na kuosha yale mabuli na mabakuli, mamia kwa mamia, bila sabuni. Sabuni ilikuwa haramu mle ndani. Chai hunyonya harufu ya jirani yake upesi ajabu. Weka majani karibu na mche wa sabuni usiku mmoja, asubuhi utakunywa sabuni. Kwa hiyo ni maji moto, kitambaa kigumu, na mikono isiyochoka. Pia hakukuruhusiwa vitunguu, achari, pilipili, udi wala sigara. Kwa mtu wa Pwani, hiyo ilikuwa karibu ni kufunga.

Na palikuwa na katazo moja zaidi. Siku ileile ya kwanza niliona kijiko cha Mkuu kimelazwa juu ya meza, kizito, cha duara, kimeng'aa kwa kutumika. Nikanyoosha mkono nikioshe. Akaniwahi.

"Kijiko hiki si cha mwosha vikombe. Hapa wewe unaosha, mimi naonja. Tukichanganya, tutaharibu kazi mbili."

"Abee, bwana," nikajibu. Lakini moyoni nilikuwa nimeshakitaka kile kijiko. Sikutaka kingine chochote katika jengo lile.

Hivyo nikaanza kuiba masomo. Kila bakuli lililokuja karoni nililinusa kabla ya kulimwaga. Nilibahatisha kimoyomoyo: hii ni changamfu, hii imeungua, hii ina moshi, hii ni bapa. "Bapa" ndivyo Mkuu alivyoiita chai iliyolala, isiyosimama ulimini. Kisha natega sikio nisikie yeye amemwambia nini karani wake anayeandika. Mwanzo nilikosa kila mara. Mwaka wa pili nikawa nakosa mara moja moja, na nikikosa nakasirika siku nzima hata Mzee Karisa ananicheka.

Mzee Karisa ndiye aliyekuwa mchemsha maji. Alitoka Kaloleni zamani, mtu mrefu, mkimya, na alikuwa na birika zake nne za shaba alizozipenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Kazi ya kuchemsha maji ya kuonjea si mchezo. Yakitokota kupita kiasi hupoteza uhai, chai ikatoka imenyong'onyea. Yasipotokota vizuri, majani hayafunguki. Mzee Karisa alisikiliza birika kwa sikio tu, akajua. Miaka mingi hakuna aliyemkosoa. Nami sikuwahi kupita mbele yake asubuhi bila shikamoo, na yeye hakuwahi kuniitikia marahaba bila kuniuliza mama yu hali gani.

Sasa nije kwenye juma lililogeuza maisha yangu.

Ilikuwa kiangazi, na Changamwe mifereji ilikauka. Kwa mtu wa Kisauni hilo si jambo la kutia hofu. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mfereji ni rafiki wa siku moja moja. Ukisikia tu bomba linakohoa, unajaza kila chombo ulicho nacho, hata kikombe cha mtoto. Ijumaa nilisikia mfereji wa karo unakohoa. Nikalijaza pipa langu la bluu lililokuwa chini ya karo, nikalifunika, nikaendelea na kazi. Jumatatu maji yakakatika kabisa, mimi nikaosha kwa kuchota kidogokidogo.

Jumanne asubuhi Mkuu alionja bakuli la kwanza akakunja uso. La pili, uso haukukunjuka. Akaenda safu nzima, anavuta, anatema, anavuta, anatema, na kila hatua ndoo anaisukuma kwa nguvu zaidi.

"Nyeusi," akamwambia karani. "Bapa. Zote bapa. Imekufa."

Akaagiza iletwe chai ya kulinganishia. Kila chumba cha kuonja huwa na bati la chai njema inayojulikana, ili ukitilia shaka ulimi wako uende kwayo. Ikapikwa. Nayo ikatoka bapa. Mkuu akaligeuzageuza bati mkononi, akasema kifuniko kimelegea, limeingia hewa. Jumatano ikawa vilevile. Alhamisi ikawa mbaya zaidi, na Meneja wa Ghala akaitwa, mwanamume mnene aliyekuwa akitokwa na jasho hata penye kivuli.

Nilikuwa karoni, nimewapa mgongo, lakini masikio yalikuwa mezani.

"Ghala zima?" Meneja akauliza.

"Kila fungu nililoonja. Nitaandika kwamba chai imeharibikia hapa, kwako. Lazima ghala lifungwe, likaguliwe, mzigo urudishwe."

"Na makuli wangu?"

"Waende nyumbani mpaka tujue."

Meneja akageukia dirisha. Nje kulikuwa na watu wengi waliokuwa wakipanga magunia, wengine majirani zangu kabisa. Kisha Mkuu akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka, mabega yangu hukaza.

"Isipokuwa kama ni vikombe. Hebu, wewe msichana."

"Abee, bwana."

"Umeanza kutumia sabuni?"

"Sijatumia, bwana."

"Maji hakuna juma zima. Wengine wote wanalia hawana maji. Wewe vikombe vyako vinang'aa. Unaviosha na nini?"

Nikajua nimekwisha. Kwa macho yake mambo yalikuwa wazi: vikombe vinang'aa bila maji, basi kuna sabuni, na sabuni ndiyo iliyoua chai. Ikiwa ni hivyo, ghala lingepona na mimi ningeondoka siku ileile. Na nisipokuwa mimi, basi makuli wote wangeondoka. Meneja alinitazama kwa matumaini, maskini. Alikuwa ananiombea niwe na hatia.

Kitu kimoja tu kingeweza kunitetea, nacho ni kuijua ile chai ina nini. Nilikuwa nimeinusa siku tatu mfululizo na kila mara kulikuwa na kitu kilichokuwa kikinizungukazunguka kichwani, harufu ya pahala fulani ambapo sikuweza kupataja. Pua peke yake haikutosha. Ilinibidi nionje.

Nikafuta mikono. Nikaenda mezani. Kijiko cha Mkuu kilikuwa juu ya kitambaa. Nikakichukua.

"We!" akasema Meneja.

Mkuu alibaki ameukodolea macho mkono wangu. Nadhani alishangaa mno. Nikachota bakuli lililokuwa karibu, nikavuta kwa kishindo nilichokuwa nimekifanyia mazoezi nyumbani kwa uji, na kile kitu kilichokuwa kikinizunguka kikatua. Nilikuwa jikoni kwa mama, Mjambere, siku ambayo mfereji hauna maji na tumechota kisimani. Chai yetu ya siku hizo hutoka nyeusi tititi hata ukipunguza majani. Juu yake hukaa utando mwembamba unaoshika ukingo wa kikombe. Na nyuma ya ulimi, baada ya kumeza, hubaki kitu kizito kisicho chumvi hasa wala si uchungu. Nilikua nikiinywa. Sikuwahi kuiita mbovu, niliiita chai ya kisima.

Nikaliinamia bakuli. Utando ulikuwapo, umeshika ukingo.

"Bwana," nikasema, "chai hii haina kosa. Haya ni maji ya kisima."

Mzee Karisa, aliyekuwa kando ya birika zake, akageuka. Nikaona uso wake, nikatamani ningemeza ulimi wangu. Alikuwa mtu wa umri wa baba yangu.

"Maji ni matamu," akasema polepole. "Nilimwuliza mwenye mkokoteni aliyetuuzia. Aliapa kuwa ni ya mfereji, ameyatoa Mikindani."

"Najua uliuliza, Mzee wangu. Yeye ndiye aliyekudanganya. Huyu amechanganya." Wenye mikokoteni siku za ukavu walikuwa hodari kwa hilo: mtungi mmoja wa mfereji, mitungi mitatu ya kisima, na kiapo juu yake.

"Uliyaonja?" Mkuu akamwuliza.

Mzee Karisa akasimama wima. "Mimi huyachemsha, bwana. Kuonja ni kazi yako."

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa letu sote. Mwosha vikombe hakuruhusiwa kuonja. Mchemsha maji haonji kwa sababu si kazi yake, na zaidi ya hayo Mzee Karisa hakuwa mnywaji wa chai hata kidogo, alikunywa kahawa chungu tangu ujana. Mwonjaji naye alionja chai, hakuna siku aliyoonja maji. Na Mkuu alikuwa mtu wa bara, amelelewa kwa maji ya mito ya mlimani. Chai ya kisima hakuwahi kukutana nayo maishani. Alipoona bati la kulinganishia nalo limekufa, alilaumu kifuniko.

"Maneno matupu," akasema Mkuu. "Leta maji ya mfereji nione."

"Ya mfereji yatoke wapi?" Meneja akadakia. "Juma zima sisi..."

"Yapo," nikasema. Nikalivuta pipa la bluu kutoka chini ya karo. Lilikuwa limebakiwa na maji ya kuosha siku moja. "Vikombe vinang'aa kwa haya, bwana. Niliyakinga Ijumaa, kabla hayajakatika."

Mzee Karisa aliliangalia lile pipa, kisha akaniangalia mimi. "Yamekuwa hapo wakati wote?"

"Yalikuwapo, Mzee."

"Niliyaona," akasema. "Lakini hayo ni maji ya kuoshea. Nisingeweza kuwapikia waonjaji maji ya kuoshea."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa ni adabu yake iliyomponza, na mtu wa adabu hachekwi.

Akayachemsha yeye mwenyewe. Nilimwomba hivyo. Akatoa birika jipya, akalisikiliza kama kawaida yake. Mkuu akapima majani ya fungu moja mara sita: mabuli matatu ya maji ya mkokoteni, matatu ya maji ya pipa. Kisha akafanya jambo la kikatili na la haki. Alinigeuza niangalie ukuta, akayachanganya mabakuli kwa mkono wake, akafunika kila moja kwa kitambaa nisione rangi, akaniita.

"Kijiko unacho," akasema. "Onja."

Nikapenyeza kijiko chini ya kitambaa, nikafumba macho, nikaonja la kwanza. "Kisima." La pili. "Mfereji." La tatu. "Mfereji." La nne nilisita, kwa sababu ulimi ulikuwa umeanza kuchoka na moyo ulikuwa unanipiga masikioni. Nikatema, nikapumzika, nikavuta tena. "Kisima. Hili kisima, na lile la tano kwa harufu nadhani kisima." Nikaonja la tano kuhakikisha. "Naam. La mwisho basi ni mfereji, lakini ngoja nilionje, nisije nikaonekana nimehesabu." Nikalionja. Lilikuwa changamfu, limesimama, limejaa mdomo mzima. Chai njema kabisa ya bara. Nikasahau kutema, nikaimeza.

Mkuu akavifunua vitambaa. Mabakuli matatu yalikuwa meusi yenye utando, matatu mekundu kama shaba. Akanyang'anya kijiko mkononi mwangu, akaonja yote sita, kishindo baada ya kishindo. Alipomaliza alikaa kitako, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya wakati wa kazi.

"Chai ni nzima," akamwambia Meneja. "Watu wako waendelee na kazi."

Meneja wa Ghala alitoka mbio na unene wake wote. Tukasikia sauti yake uani, kisha sauti za makuli, kisha vigelegele vya akina mama waliokuwa wakipepeta vumbi la chai. Sijui nani aliwaambia ni Kadzo. Walipiga vigelegele mpaka madirisha yakaitikia, nami nilisimama pale nikilia na kucheka, aproni imelowa.

Mkuu hakuomba msamaha. Watu wa aina yake wakati ule hawakuomba. Alikifuta kijiko, akakisogeza mezani mpaka kikafika upande wangu.

"Kesho usivae aproni," akasema.

Mzee Karisa alinisubiri mlangoni jioni ile. Nilikuwa nikimwogopa. "Mwanangu," akasema, "kuanzia kesho birika la kwanza nitakuletea wewe kikombe, maji matupu, bila majani. Ukisema ni mazuri, ndipo nitawapa wengine." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi, kabla ya safu ya kwanza, kikombe kimoja cha maji matupu. Mkuu alikubali, kisha akaamrisha, na baada ya miaka michache alikuwa akiwasimulia wageni kana kwamba amelibuni yeye. Nikamwachia. Mimi nilikuwa na kijiko.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi, maana furaha haina simulizi ndefu. Nilikuwa mwanafunzi wake kwa miaka mitano. Alinifundisha kwa ukali, na kila nilipopatia hakusema kitu, ambayo ndiyo ilikuwa sifa. Akanipeleka bara kwenye kiwanda kilichokuwa katikati ya mashamba ya chai, nikaona mchai kwa mara ya kwanza: kichaka kifupi tu, nami nilikuwa nimetarajia mti. Huko nilionja fungu nililolijua vizuri kutoka Mombasa nikaliona jembamba, halina nguvu. Nikadhani ulimi umeniacha. Meneja wa Kiwanda, bibi mmoja mcheshi, akaniambia nisiulaumu ulimi, niliulize birika. Kule juu maji hutokota mapema, kwa sababu hewa ni nyepesi, na hayajafikia moto wa kwetu huku chini karibu na bahari. Chai ileile, birika lilelile, mlima umebadilisha. Nilirudi na chupa ya maji ya kule, nikaiweka rafuni.

Ndiyo ikawa chupa ya kwanza. Wengine hukusanya stempu, wengine sarafu za zamani. Mimi nikakusanya maji. Kila nilikotumwa nilirudi na chupa ndogo yenye kizibo na karatasi: mfereji wa Changamwe, kisima cha Likoni, kisima cha Bamburi karibu na machimbo ambako maji yana chokaa hata birika huota ganda jeupe, chemchemi ya Rabai, mvua ya masika, mto wa mlimani. Meneja wa Ghala alikuwa akiniuliza kama nafungua duka la maji kwa samaki. Lakini nilipopewa cheo cha Mwonjaji Mwandamizi, na baadaye Mkuu alipostaafu nikakaa kiti chake, ile rafu ikawa darasa. Mwanafunzi hakugusa jani kabla hajajifunza maji. Nilitoa maji mapya kutoka kila mahali, nikawapikia chai moja kwa maji kumi, nikawaambia waniambie ni wapi. Walilia. Riziki, msichana wa Magongo aliyekuja kwetu akinuka mafuta ya nywele, alilia kuliko wote, akapatia kuliko wote.

Nilimtuma akaoge, bila shaka. Lakini kijiko nilimpa siku ileile.

Ulimi huzeeka, wanangu. Macho yakififia unanunua miwani, lakini hakuna miwani ya ulimi. Mwaka wangu wa mwisho nilipata mafua makali, na yalipoondoka hayakurudisha vyote yalivyochukua. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naonja polepole, naacha Riziki aseme kwanza, kisha nasema, "Nami naona hivyo." Aibu ya jambo hilo siwezi kuieleza. Mtu aliyeshinda kwa ulimi wake mbele ya mabakuli sita, sasa anajificha nyuma ya ulimi wa mwanafunzi.

Siku ya kuagwa ilifika. Walipamba chumba, wakaja makuli wa zamani, akaja hata Mzee Karisa, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike, macho hayaoni vizuri lakini amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Hotuba zilipokwisha, Riziki, ambaye ndiye angekuwa Mkuu kuanzia kesho, akaweka mbele yangu kikombe kimoja. Maji matupu.

"Mama," akasema, "kikombe cha kwanza. Tuambie ni ya wapi."

Sikuwa nimepangiwa hili. Nikamwangalia Riziki nikaona hatabasamu, nikajua kwamba alikuwa amenigundua muda mrefu, na kwamba hakuniwekea mtego. Alikuwa ananipa nafasi ya kujua mwenyewe kama bado nipo. Lakini nikikosa, ningekosa mbele ya wote.

Nikachukua kijiko. Nikavuta kwa kishindo. Sikupata kitu. Maji tu. Nikatema, nikafumba macho, nikasubiri kama Mkuu alivyonifundisha, nikavuta tena, nikayaacha yakae. Na nyuma kabisa ya ulimi, kile kitu kizito kisicho chumvi wala uchungu kikaja polepole, na nyuma yake kitu kingine kidogo, cha kutu, cha ndoo ya bati. Si kisima chochote tu. Cha Likoni ni kikali zaidi, cha Bamburi kina chokaa.

"Mjambere," nikasema. "Kisima cha mamangu."

Riziki akafunika uso kwa mikono miwili. Chumba kikalipuka kwa vigelegele vilevile, vingine kutoka kwa wanawake walewale, sasa wana wajukuu. Mzee Karisa alikuwa anagonga fimbo sakafuni.

"Mama, tuliyachota leo alfajiri," Riziki akasema. "Umejuaje kuwa ni hicho hasa?"

"Kamba ya kisima hicho niliivuta mimi miaka kumi na minane," nikamjibu. Nikakisogeza kijiko mezani mpaka kikafika upande wake.

Chupa zangu nimeziacha palepale rafuni, na naambiwa kila asubuhi kikombe cha kwanza bado hakina chai. Maji yaliyobaki ya Mjambere nilirudi nayo nyumbani jioni ile. Nikayachemsha, nikatia majani na maziwa, nikaketi barazani kwa marehemu mama na marashi yangu ya asumini mwili mzima. Chai ilitoka nyeusi, ina utando. Kwa miaka yote ya kazi nilitema kila nilichoonja. Hiyo niliinywa mpaka tone la mwisho.